Pemba kwa saa za maji: Misali, Njao na Fundo

Daftari langu la safari lililowa kurasa kadhaa, kwa hiyo baadhi ya saa zilizo hapa nimezichukua kwenye picha na kwenye kompyuta ya kuzamia, ile inayorekodi kina na muda. Tulikwenda Pemba kuzamia, Novemba, kusi imeshalala na kaskazi haijaanza kuvuma sawasawa, majira ambayo wavuvi huyaita maleleji.

Kwa anayefikiria kwenda, jambo la kwanza ni tarehe, na tarehe hutafutwa kwa mwezi wa angani. Mwezi ukiandama, na ukiwa mpevu, huja bamvua: maji hupanda na kushuka karibu mita 4 kwenye pwani hii, na milango iliyo kati ya visiwa vya magharibi mwa Pemba hukimbia kama mito. Mwezi saba, nane, tisa, yaani siku ya saba hadi ya tisa tangu uandame, ni maji mafu. Tofauti ya kujaa na kupwa hupungua na mikondo hupoa. Tena siku hizo maji hujaa kati ya saa mbili na nusu na saa tano asubuhi, wakati jua liko juu na mwanga unafika chini. Nikahesabu nyuma, nikapanga niingie Pemba mwezi tano.

Jumatano: Dar es Salaam hadi Unguja

Hakuna la kusimulia isipokuwa mabishano na mchukuzi bandarini aliyeliinua begi langu, akaliweka chini, akauliza kama nimebeba injini. Mitungi ya hewa na vipande vya risasi vya kutia uzito mkandani huna haja ya kubeba, vipo huko. Beba vinavyogusa uso na mapafu yako: miwani, regyuleta (kifaa cha kupumulia), kompyuta. Na boya lako la ishara, lile unalolijaza hewa ukiwa chini ili boti ikuone, hilo usiazime. Usiku nililala karibu na Darajani, nikala urojo uliokolea embe mbichi, nikalala mapema.

Alhamisi, mwezi tano: Unguja hadi Chake Chake

Boti ya Mkoani, bandari ya kusini mwa Pemba, iliondoka asubuhi na mapema. Tiketi ya mkaazi haikufika elfu arobaini. Mpaka Nungwi bahari ilikuwa shwari, watoto wakikimbizana kati ya viti. Baada ya Nungwi, boti ikaanza kulala upande huu na kuinukia upande ule. Mkondo mkuu wa pwani ya Afrika Mashariki hukimbia kwenda kaskazini, na hapa hubanwa kati ya visiwa. Upepo ukiupinga kidogo tu, mawimbi husimama wima. Ni mkondo huu wa Nungwi ambako MV Spice Islander ilizama Septemba 2011 ikielekea Pemba. Hakuna aliyelitaja, ila mazungumzo yalipungua, na mzee aliyekuwa mbele yangu akatoa tasbihi mfukoni.

Bibi mmoja wa Wete, aliyekuwa amekaa na kikapu miguuni, alinitazama akaona rangi imeniishia. Akakata ndimu kwa kisu kidogo, akanipa nusu. "Nusa, mwanangu. Na usitazame chini, tazama mbali." Nilipomwambia ninakwenda kuzamia alicheka hadi akashika mbavu: yule anayekwenda chini ya bahari ndiye anayetapika juu yake.

Mkoani hadi Chake ni kama kilomita 30 za vilima, kona, na migomba inayoegemea barabara. Pemba siyo tambarare kama Unguja, na daladala yenye mizigo hupanda kwa kunung'unika. Msimu wa karafuu ulikuwa umepamba moto. Kila uwanja ulitandikwa majamvi, nyingine za kijani zimechumwa jana, nyingine zimeshakuwa hudhurungi, na harufu iliingia dirishani ikakaa ndani ya gari. Konda alinitoza nauli ya abiria wawili, mimi na begi. Sikubishana, maana begi lilikuwa limekalia kiti.

Chakula cha usiku kilikuwa shelisheli la kuchemsha kwa nazi na mchuzi wa changu. Toa fedha taslimu ukiwa Chake. Huko kaskazini usitegemee mashine.

Ijumaa, mwezi sita: Misali

Maji yalijaa kabla ya saa mbili, kwa hiyo saa kumi na mbili na nusu tulikuwa gatini Wesha, karibu na Chake, tukipakia mitungi kwenda kisiwa cha Misali. Tulikuwa wazamiaji watano: dada mmoja daktari wa meno kutoka Mombasa, ambaye ndiye aliyekuwa mwenzangu wa maji safari nzima, mume na mke Wajerumani wa makamo, na kijana mmoja mwenye kamera kubwa kuliko uzoefu wake.

Kiongozi wetu, mtu wa Pemba mwenye sauti ya chini, hakuuliza cheti tu. Aliomba daftari la mizamio, akafungua kurasa za mwisho, akauliza: lini mara ya mwisho? Maji ya mkondo au maji tuli? Kisha akatuambia Misali ni mtihani. Kila mmoja avue miwani na kuivaa tena akiwa chini, aelee mita 5 bila kushika kitu, na afungue boya lake kutoka chini huku akibaki kwenye kina hicho hicho. Hilo la mwisho ndilo liliwaangusha wengi aliowahi kuwapeleka, alisema. Boya likijaa hewa, mtu hulifuata juu bila kutaka.

Upande wa magharibi wa Misali ni sehemu ya hifadhi ambako uvuvi hauruhusiwi, na unaona hivyo mara tu unaposhuka. Chewa hawakimbii. Mbono walipita juu yetu kwa mamia, na kangu wakubwa walikuwa wakiguguna mwamba kwa sauti unayoisikia hata ukiwa mbali. Baadhi ya matumbawe yamesimama juu ya vifusi vya wenzao waliokufa mwaka 1998, bahari ilipopata joto kupita kiasi na kupausha matumbawe ya sehemu kubwa ya magharibi ya Bahari ya Hindi. Kiongozi alikuwa mtoto mwaka huo. Anakumbuka wavuvi wakisema mwamba umeota mvi.

Kijana wa kamera alifungua boya, akapanda nalo kutoka mita 5 hadi juu. Kiongozi hakumgombeza. Alimwambia tu kwamba kesho kutwa atazamia ndani, penye maji tuli, na wenzake watakwenda mlangoni. Kijana alinuna hadi gatini. Mimi niliridhika kuliko nilivyoonyesha, kwa sababu ndipo nilipojua tuko mikononi mwa mtu anayeweza kusema hapana kwa mteja aliyekwisha kulipa.

Saa tano tulikuwa nchi kavu. Nahodha alitaka kuwahi sala ya Ijumaa, na jambo hilo lilikuwa limepangwa tangu jana.

*Gharama:* mizamio miwili na chai katikati ilikuwa dola 110. Mkaazi akiuliza kwa adabu hupunguziwa. Ada ya hifadhi hulipwa kando, dai risiti.

Jumamosi, mwezi saba: Chake hadi Makangale

Hatukuzamia, tulisafiri. Daladala hadi Wete, nyingine hadi Konde. Nilishuka njiani kuwaona popo wa Kidike, wale wakubwa wenye manyoya mekundu ambao hawapatikani popote duniani ila Pemba. Wananing'inia mchana kutwa wakigombana. Nusu saa inatosha.

Konde ndipo mambo yalipokwama. Gari tulilokuwa tumeahidiwa halikuja, mvua ya vuli ikaja badala yake, na bodaboda wote walilitazama begi langu wakatazamana. Mama mwenye duka la vyombo alituita barazani, akatupa chai ya tangawizi na maandazi bila kuuliza sisi ni nani, kisha akapiga simu. Baada ya saa nzima tulipata nafasi kwenye gari la mizigo lililokuwa likipitia msitu wa Ngezi. Msituni ni giza hata mchana, miti imefunga juu, barabara ina utelezi. Gari likaishia kijijini, na kipande kilichobaki hadi ufukweni begi likaenda kwa gari la ng'ombe.

Mwenye ng'ombe alikataa pesa. Alitaka kuona miwani ya kuzamia. Aliivaa, akamtazama ng'ombe wake, akasema huyu hakubadilika, akanirudishia.

Jumapili, mwezi nane: mlango wa Njao

Kati ya Pemba na visiwa vyake vya magharibi kuna bahari ya ndani, ya mikoko, matope na majani. Maji yakipwa, vyote hivyo hutoka milangoni na kuchafua ukuta wa nje. Tena vinakusukuma kwenda kwenye mlangobahari wa Pemba, ambako kina ni mita 700 na zaidi. Maji yakijaa, mlango huvuta maji ya bahari kuu, safi, na samaki wakubwa husogea kuyapokea. Kwa hiyo unaingia mwisho wa kujaa, mkondo ukiwa bado una nguvu ya kuleta samaki lakini unaelekea kuchoka, na unamaliza maji yakisimama. Dirisha lenyewe ni la dakika 40 hivi.

Nahodha hakutia nanga. Alizima injini juu ya ukuta, akatupa kifuu cha nazi majini, akakifuata kwa macho huku midomo ikihesabu. Akawasha tena, akatupeleka juu zaidi ya mkondo, akatupa kifuu cha pili. Mara ya tatu akasema, "Haya."

Tuliingia kinyumenyume, jaketi la kuelea likiwa halina hewa, wote kwa hesabu moja. Penye mkondo hakuna kuelea juu na kusubiriana. Anayechelewa sekunde 30 anakuta wenzake wameshakwenda. Tulikutana mita 15, kwenye kivuli cha mwamba ambako maji yalikuwa yametulia, ingawa mita moja tu pembeni chembechembe zilikuwa zikipita kama zimechelewa mahali.

Kisha tukaachia. Sijui njia nzuri ya kueleza raha ya mkondo unaokubeba bila kupiga mapezi. Ukuta unapita, wewe umetulia. Matumbawe laini ya zambarau yamefunguka yote, kwa sababu yanakula kinacholetwa na maji. Kwenye pembe ya mlango kiongozi akatuashiria ndoano, ile ya kamba ya kujishikiza mwambani. Kila mmoja akatafuta jiwe lililokufa, akachomeka, akajaza jaketi kidogo, akabaki ananing'inia kama bendera. Mbele yetu kolekole walikuwa wakizunguka, nyuma yao mzia wamepanga safu, wote wameelekeza vichwa vyao maji yanakotoka. Jodari watatu walipita chini, haraka, kama watu wenye shughuli mjini.

Dada wa Mombasa aligeuza kichwa kuniangalia, na mkondo ukampiga miwani pembeni, ikaingia maji. Aliitoa maji kwa mkono mmoja, wa pili ukiwa kwenye kamba ya ndoano. Ndiyo maana ya mtihani wa Misali.

*Kwa watakaokuja:* mkondo wa mita 30 kwa dakika unatosha kumshinda mtu mwenye nguvu aliyebeba mtungi. Usipange kurudi ulikotoka. Panga unakotokea.

Jumatatu, mwezi tisa: ukuta wa nje wa Fundo

Jedwali lilisema maji yatasimama saa nne na dakika 40. Kiongozi alilisoma, akalikunja, akasema jedwali huandikwa kwa ajili ya bandari. Mlangoni maji huweza kugeuka kabla au baada, kutegemea upepo wa jana na ukubwa wa bahari iliyoko ndani. Tukaingia saa nne kamili.

Kwa dakika 20 ilikuwa Njao nyingine, ila yenye kina na weusi zaidi chini. Tulikuwa mita 22. Tulitumia hewa iliyoongezwa oksijeni hadi asilimia 32, ambayo hairuhusu kupita mita 33 au zaidi kidogo, na nilikuwa nikiikumbuka namba hiyo kuliko kawaida.

Dalili ya kwanza niliiona kwa samaki. Wale wadogo wa rangi ya chungwa, ambao daima hukaa nje kidogo ya ukuta wakila, walijibana wote mwambani kwa pamoja, vichwa juu. Kisha viputo vya dada wa Mombasa, vilivyokuwa vikipanda, vikaenda pembeni, vikasita, vikaanza kushuka. Kiputo kinachoshuka ni kitu ambacho akili hukataa kukisoma. Masikio yakanibana, nikatazama kompyuta: 25. Nikatazama tena: 27.

Mkondo ukigonga pembe ya ukuta hugawanyika, sehemu hupanda na sehemu huteremka, na maji yanayotoka mlangoni yakifika ukingoni huweza kuporomoka vile vile. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuuacha ukuta na kuogelea kuelekea bahari wazi, kwa sababu mteremko huo kwa kawaida ni mwembamba. Ya pili ni kuukumbatia ukuta, ambako maji huburuzwa na mwamba na kupungua kasi, na kupanda kwa mikono. Kiongozi alichagua ya pili. Alipiga mtungi wake kwa chuma, akaonyesha ukuta, akaonyesha kwa mikono: mmoja, mwingine, mmoja, mwingine. Tukapanda kama watu wa minazi, tukishika mawe yaliyokufa, hewa ikitoka kwa wingi. Kifuani nilikuwa na hamu moja tu, kujaza jaketi hadi mwisho. Ndilo kosa linaloua: ukichomoka kwenye mteremko ukiwa umejaa hewa, unapaa bila breki hadi juu. Kompyuta ilifika 30, ikakaa hapo muda ambao nilidhani ni mrefu na rekodi inasema ni chini ya dakika moja. Halafu 29. Halafu 24. Kwenye mita 18 maji yakaachia ghafla, samaki wakatoka mwambani, na kila kitu kikawa kama hakikuwahi kutokea.

Tulifungua boya kutoka mita 5, tukakaa hapo dakika 5 badala ya 3. Mtungi wa dada ulibaki na hewa ya shinikizo la bar 60, wangu 70. Boti ilikuwa imeshatufikia kabla hatujatoa vichwa. Nahodha alisema aliona viputo vyetu vikipotea juu ya maji, akajua.

Mke wa Mjerumani alivua miwani, akaomba chungwa. Tukala machungwa yote ya boti. Mzamio wa pili tuliufanya upande wa ndani wa kisiwa, mita 10, kwenye mchanga, tukitazama samaki taa na pweza, na hakuna aliyelalamika.

*Kwa watakaokuja:* Pemba haina chemba ya shinikizo la hewa ya kumtibu mtu aliyepata ugonjwa wa mgandamizo, ule unaompata mzamiaji anayepanda haraka mno. Kuwa na bima ya wazamiaji, na uulize kabla ya safari mgonjwa angepelekwa wapi na kwa chombo gani. Mwenyeji mzuri ana jibu tayari.

Jumanne, mwezi kumi

Mpira mdogo wa regyuleta yangu ulipasuka, mvua ikanyesha, nikalala.

Jumatano, mwezi kumi na moja: Manta Point, ambako hatukuzamia

Ni mlima wa chini ya maji kaskazini-magharibi. Jina limebaki, manta wenyewe, wale samaki taa wakubwa, siku hizi ni bahati. Maji yangejaa kama saa saba mchana, na yalikuwa yameanza kupata nguvu kuelekea bamvua. Kaskazi ya kwanza nayo ilichagua siku hiyo, ikivuma kinyume cha mkondo.

Nahodha alitupa kifuu. Kiliondoka. Hakuhesabu hata. Kiongozi alivaa miwani, akaingia peke yake akiwa ameshika kamba ya boti, akakaa kwa muda wa pumzi chache, akarudi. "Leo hapana." Mume Mjerumani, aliyekuwa ameisubiri siku hiyo wiki nzima, alisema juu panaonekana pabaya lakini huenda chini pametulia. Kiongozi alimjibu kwa upole kwamba chini ndiko alikotoka. Dakika mbili hivi za kimya kizito, halafu injini. Walituhesabia nusu ya malipo kwa siku hiyo, jambo ambalo halikuwa kwenye mkataba.

Alasiri tulielea na miwani tu juu ya majani ya bahari, tukamfuata kasa aliyekuwa akila bila haraka. Kijana wa kamera alipata picha zake bora za safari hapo. Alitufuata jioni nzima akituonyesha.

Alhamisi na Ijumaa: kurudi

Kwa makusudi sikukata tiketi ya ndege. Baada ya mizamio ya siku mfululizo unashauriwa kukaa saa 18 au zaidi kabla ya kuruka, na wengi hupendelea 24. Kwa boti huna hesabu hiyo, na nauli ni nafuu. Safari hii gari la Konde lilikuja kwa wakati. Nilipita kwa mama wa duka la vyombo na kilo ya sukari na majani ya chai. Akazipokea, akaniwekea kikombe kingine.

Jumla, bila vifaa, nilitumia kiasi ambacho kingenipeleka mbali zaidi ya Pemba kama ningetaka, na sehemu kubwa ni mizamio yenyewe. Malazi ya kaskazini ni ya aina mbili, ya gharama kubwa na ya kawaida sana. Nilikaa ya pili, neti nzima, maji ya ndoo, samaki wa kupaka kila usiku.

Februari na Machi maji huwa na joto zaidi, hufika nyuzi 29. Julai na Agosti kusi hukaza; ukuta wa nje mara nyingi haufikiki. Unapoweka nafasi, usiulize kwanza bei. Uliza tarehe fulani wanazamia saa ngapi. Wakikujibu "kila siku saa tatu", tafuta kwingine. Wale wa kwetu walijibu kwa swali: mwezi ngapi siku hiyo?